Popo wa Mafia na Shimo la Ndizi la Moshono

Vijana wa ghala mmeniomba niandike mambo ya kazi yetu kabla sijayasahau. Mkanipa na daftari jipya, maana yake hamuiamini kumbukumbu yangu, na sina hakika kama mnauamini uhai wangu. Nimeanza kuandika siku ya tatu tangu nistaafu. Siku mbili za kwanza nilikuwa nikimzuia mke wangu asinipangie kazi.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Jambo la kwanza lijulikane: mimi niliyetunza mimea na wanyama wa kisiwa cha Mafia karibu maisha yangu yote ya kazi, Mafia sijafika. Bahari sijaiona. Upande wa mashariki nimefika Usa River, nikaona inatosha. Kila mzigo ulipokuja nilikwenda stesheni ya Arusha, nikaligusa behewa la gari moshi kwa kiganja, nikarudi na sanduku langu. Mara mbili Bwana alitaka kunipeleka kisiwani. Mara ya kwanza ng'ombe wetu alikuwa karibu kuzaa. Mara ya pili hakuwa karibu, lakini nilisema yu karibu.

Kisiwa kilipandaje mlimani? Kwa sababu ya ukungu. Kule pwani mmea uliokaushwa vizuri huota ndevu kabla ya mwezi kwisha, na ngozi ya mnyama hugeuka chakula cha wadudu. Serikali ya Waingereza ikatafuta mahali pa baridi na pakavu pa kuweka vielelezo vya kisiwa, ikaipata nyumba ya mawe hapa mjini, ndiyo hili ghala letu. Akaletwa pia mzungu wa kuvitunza, ambaye naye kifua chake kilikuwa kimeshindwa na joto la pwani. Tulimwita Bwana Miwani, kwa kuwa alivaa miwani moja machoni na nyingine kipajini, huku akiitafuta ya tatu.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Fundi Saidi, mchunaji ngozi, mzaliwa wa Pangani aliyehamia mitaa ya zamani ya mjini tangu ujana. Alikuwa mfupi, mkavu, na mikono yake ilinuka kafuri hata siku ya Idi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umesoma?"

"Mpaka darasa la kumi."

"Basi utajifunza polepole. Fungua hilo sanduku."

Nikalifungua. Ilitoka harufu ambayo sijawahi kuinusa, nikajua kimeoza kitu. Juu kulikuwa na majani meusi, mororo, yaliyolowa, nikayachukulia ni ya kufungashia tu, kama sisi tunavyofungia mayai kwa majani makavu ya mgomba. Nikayazoa yote, nikayapeleka jalalani. Chini nikakuta magazeti, nikayakunjua, nikayanyoosha, nikayapanga mezani kwa unadhifu wa mtu aliyefika darasa la kumi.

Fundi akaja, akaangalia. "Mwani uko wapi?"

"Mwani gani?"

Akatazama magazeti, akatazama mlango wa jalalani, akakaa kitako juu ya sanduku. "Mwarusha wangu," akasema, "umemtupa mgeni, ukaukaribisha mkeka wake."

Nilishinda alasiri ile jalalani nikiokota mwani, na kuku wa jirani wakinisaidia upande wao.

Kazi yenyewe haikuwa na uchawi. Kibanio ni mbao mbili na mikanda miwili, katikati magazeti, na katikati ya magazeti mmea. Magazeti hubadilishwa kila siku mpaka mmea ukauke, la sivyo unakuwa mweusi kama sufuria. Kwa njia hiyo nilizisoma habari zote za dunia, zikiwa zimechelewa na zimeloa utomvu. Wanyama walikuwa wa Fundi Saidi, na sabuni yake ya sumu dhidi ya wadudu aliifungia kwa kufuli. Alinifundisha mambo mawili ambayo nanyi nimewafundisha mpaka mkachoka. Kwanza, nawa mikono kabla hujakumbuka kwamba una njaa. Pili, usikitoe kitu sandukuni kabla hujasoma karatasi yake: ni nini, kimetoka wapi, nani kakichukua, kilikuwa na rangi gani, na aliyekichukua ameagiza nini. "Ua likikauka linasahau rangi yake," alikuwa akisema. "Na wewe ukishiba unasahau kila kitu."

Nilijaribu wanyama pia. Mara moja. Aliletwa popo mkubwa wa Mafia ndani ya bati la spiriti, uso kama mtoto wa mbwa, manyoya ya shingoni rangi ya asali, na bawa moja refu kuliko mkono wangu. Nikamjaza pamba, nikamsimamisha kwa miguu yake juu ya ubao, mabawa nimemkunjia kifuani.

Fundi Saidi alimzunguka mara mbili. "Huyu anangoja kuitwa barazani?"

"Fundi?"

"Popo hujining'iniza, kichwa chini. Kwenu Moshono hakuna popo?"

"Wapo, lakini wadogo. Nikadhani akifikia ukubwa huu anakuwa na heshima zake."

Tangu siku hiyo nikabaki kwenye majani.

Aliyetuletea vitu hivyo vyote alikuwa Shomari, mlinzi wa msitu kule Mafia. Nilimjua kwa mafundo yake ya kamba kabla sijamjua kwa maneno, maana barua zake aliziandika kwa herufi za Kiarabu na Fundi Saidi ndiye aliyenisomea. Ndiye aliyenijulisha mikoko na miti ya msituni, kaa apandaye mnazi, komba aliaye kama mtoto, na makasa watagao mchangani. Alikuwa akichora jani pembeni ya barua, na jani hilo lilikuwa sahihi kuliko lile nililolikausha mimi.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu, ambayo najua ndiyo mliyoitaka mliponiletea daftari.

Wenye mashamba wa Mafia waliwashitaki popo. Walisema wanamaliza maembe, wanavunja maua ya minazi, na msituni hawana faida yoyote. Wakaomba kibali cha kuwapiga bunduki mahali wanapolala mchana, na kukata miti yenyewe wasirudi tena. Miti ile ilikuwa chini ya ulinzi wa Shomari. Yeye akajibu kwamba popo ndio wapandao msitu: wanakula matunda huku, wanadondosha mbegu kule, na bila wao mvule hautoki mahali uliposimama. Wenye mashamba wakasema huyo ni mtu wa hapa, anatetea miti yake. Basi ofisi kuu ikaamua kwamba mbegu zilizopita tumboni mwa popo zipelekwe mbali, kwa watu wasio na mwembe wala mnazi, zipandwe, ionekane kama zinaota au zimekufa. Zikiota, popo waachwe. Zikiwa zimekufa, kibali kitolewe.

Watu wasio na mwembe wala mnazi tulikuwa sisi. Na mtoto wa shamba pale ghalani nilikuwa mimi.

Mbegu zikaja ndani ya bati, zimezungukwa na makumbi ya nazi yaliyoloweshwa. Fundi Saidi akasoma barua: "Mbegu hizi ni za mvule, mzambarau mwitu na mkuyu, nimeziosha kutoka kwenye mavi ya popo na makapi waliyotema. Zisikauke. Tafadhali zisikauke."

"Umesikia?" Fundi akaniuliza.

"Nimesikia."

Nilisikia, lakini sikukubali. Vijana, nataka mnielewe hapa, maana kosa lile lilitoka kwenye kiburi, na kiburi chenyewe kilitoka kwetu. Mimi ni Mwarusha wa Moshono. Kwetu mbegu ya mahindi na ya maharage hutundikwa darini, juu ya mafiga, inakula moshi mpaka msimu ufike. Mbegu mbichi ni mbegu ya mvivu. Sasa mtu wa pwani, ambaye nilijua shamba lake ni bahari, anifundishe mimi kutunza mbegu! Nikazitoa kwenye makumbi, nikazianika siku moja, nikazitundika juu ya mafiga ya mama yangu kwa wiki tatu.

Fundi Saidi aliniuliza siku moja, "Zile mbegu umezitunza?"

"Nimezitunza, Fundi."

Na kweli nilikuwa nimezitunza. Zilikuwa kavu, safi, zinalia kama kayamba.

Nikazipanda kwenye masanduku ya miche ya kahawa, udongo mzuri, kivuli kizuri. Haikuota hata moja. Nikangoja, nikamwagilia, nikangoja tena. Bwana Miwani akachungulia kwa miwani zote mbili. Mwishowe akaniambia niandike taarifa, yeye ataifasiri na kuitia sahihi. Nikaiandika kwa mwandiko wangu bora: mbegu zilizopita tumboni mwa popo hazikuota, yaelekea zimekufa. Ikaondoka kwa gari moshi la Jumatano.

Baada ya siku chache likaja bati la pili, la mbegu za miti ileile. Hatukuliomba. Shomari alilituma mwenyewe kwa kuwa matunda ya mwisho wa msimu yalikuwa yameiva. Nililifungua peke yangu. Makumbi yalikuwa bado majimaji, na nilipoyatenganisha nikaona vijiti vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea, vimejipenyeza kwenye nyuzi za makumbi. Nilidhani ni funza. Nikavaa ujasiri, nikakivuta kimoja. Kilikuwa na mbegu mwishoni. Zambarau ya popo ilikuwa imeota ndani ya bati, gizani, njiani, bila udongo, bila kivuli changu kizuri, na bila mimi.

Nilikaa. Fundi Saidi akanikuta nimekaa.

"Kuna nini?"

Nikamwonyesha. Akatazama muda mrefu. "Na zile za kwanza?"

"Nilizikausha."

"Wapi?"

"Juu ya mafiga."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mtu huyo alikuwa akicheka hata misibani, kwa chinichini. Akachukua barua iliyokuja na bati, akaisoma kwa sauti: "Kama za kwanza zimeota, nipe habari upesi. Hawa mabwana wameanza kusafisha bunduki, nami wamenitaka niwaonyeshe njia ya kufika kwa popo. Nimewaambia wangoje jibu la Arusha, maana Arusha ni watu wa haki."

"Watu wa haki," Fundi Saidi akarudia, akaikunja barua. "Lazaro, unajua mlango wa Bwana ulipo."

"Atanifukuza, Fundi."

"Akikufukuza utarudi Moshono, na ndiko unakopenda kukaa. Nenda, mwanangu."

Nikaenda. Nilimwambia Bwana Miwani yote: barua, neno lenyewe la "zisikauke," dari la mama yangu, wiki tatu. Alivua miwani ya machoni, akavua na ya kipajini. Sikuwahi kumwona bila miwani. Alionekana kama mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa na hasira.

"Uliambiwa, ukafanya kinyume?"

"Ndiyo, Bwana."

"Na ukaniacha mimi nitie sahihi?"

"Ndiyo, Bwana."

Aliinuka, akaenda dirishani, akautazama Mlima Meru kana kwamba nao ulishiriki. Kisha akasema nisichokitegemea: "Sahihi ni yangu. Mimi sikuuliza zilitunzwa vipi." Akaandika simu ya maandishi kwenda ofisi kuu: taarifa ya Arusha ina kosa, kibali kingoje. Jibu likaja kesho yake. Watangoja hadi mwisho wa mwezi ujao. Wanataka miche yenye majani, inayotambulika ni ya miti gani, na maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyekosea. Maelezo hayatoshi bila miche.

Zilikuwa zimebaki wiki sita, na ilikuwa ndiyo inaanza baridi yetu, ile ambayo wingu linashuka mpaka kwenye migomba na mtu anavaa blanketi kwenda kukamua. Nilizitia mbegu za mizambarau udongoni siku ileile, na kwa siku tano hazikunyanyuka hata kidogo. Za mvule ndiyo kabisa, hazikuonyesha dalili. Zilihitaji joto la kwao, la mvuke, na mimi nilikuwa na upepo wa Meru.

Nyumbani mama yangu alikuwa anavundika ndizi za sherehe ya kipaimara cha mjukuu. Mnajua anavyofanya: anachimba shimo, anawasha moto ndani mpaka kuta zinapata joto, anaondoa makaa, anatandika majani ya mgomba, anapanga ndizi, anafunika majani na udongo. Nilikuwa nimesimama namwangalia, nimebeba sanduku langu la mbegu kama mtu aliyebeba mgonjwa. Akafunua pembe moja kuangalia. Ukatoka mvuke wa joto, mtamu, mzito, ukanipiga usoni, na Fundi Saidi alikuwa amenieleza hivyohivyo jinsi hewa ya pwani inavyompokea mtu.

"Yeyo," nikasema, "naomba nafasi humo."

"Humo wapi?"

"Shimoni. Kwa mbegu za serikali."

"Zimetoka wapi?"

Nilifikiri nimdanganye, nikakumbuka kwamba mwezi ule nilikuwa nimekwisha danganya vya kutosha. "Kwenye mavi ya popo."

Mama alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani. "Nilikupeleka shule," akasema, "ukakaa mpaka darasa la kumi, uje kuniwekea mavi ya popo kwenye ndizi za kipaimara?"

"Zimeoshwa, Yeyo."

"Nani kaziosha?"

"Mtu mmoja Mafia. Zisipoota watamharibia msitu wake, na kosa ni langu."

Akachomoa ndizi mbili zilizokwisha iva, akanipa moja. "Yule uliyenisimulia juzi, aliyekwambia usizikaushe?"

"Ndiye."

"Na wewe ukazileta juu ya mafiga yangu, wala hukuniambia alikataza." Akamenya ya kwake. "Ndizi zitoke Jumamosi. Baada ya hapo shimo ni lako. Ila moto utawasha mwenyewe, na kuni utakata mwenyewe."

Basi nikawa mvundikaji. Kila baada ya siku moja nilitoa sanduku, nikawasha moto, nikaondoa makaa, nikapima joto kwa mkono kama nilivyomwona mama akifanya, nikatandika majani mabichi, nikarudisha sanduku na ndizi chache pembeni, maana mama alisema shimo bila ndizi linanuna. Majirani wakaanza kupita kwa makusudi. "Lazaro, zimeiva?" "Lazaro, tuletee na sisi chane moja ya popo!" Mchungaji naye akapita, akauliza kwa upole kama nyumbani ni kuzuri.

Siku ya nne mizambarau ikanyanyuka. Wiki ya pili ilipokwisha, nikafunua nikaona mistari miwili ya vijani vidogo, vya mviringo, vya mvule. Nikavitoa mchana vipate mwanga penye ukuta wa jikoni, jioni nikavirudisha. Majani ya pili yakatoka yakiwa na meno pembeni kama msumeno, na ya kukwaruza ukiyagusa. Hayakufanana na jani la mvule mkubwa hata kidogo. Nikawaza: huenda ni magugu tu. Nikayapeleka ghalani, mimi na Fundi Saidi tukapekua kabati, tukatoa karatasi ya miaka mingi nyuma, mche mdogo wa mvule ambao Shomari aliuchuma na kuuchora pembeni. Meno yale. Mkwaruzo ule. Pembeni Fundi akasoma: "Ukiwa mtoto, jani lina meno. Ukikua, linayaacha."

"Tofauti na wewe," akaniambia. "Wewe yameanza sasa."

Mkuyu haukuota. Nikaandika kwamba haukuota.

Bwana Miwani akaibana miche mitatu kwa mkono wake, mingine tukaifungasha hai katika makumbi yaleyale ya Shomari, nami nikaandika maelezo yangu. Yalinichukua jioni nne. Kila nilipoanza, sentensi ilikuwa ikijipinda kunitafutia kivuli: mbegu "zilikauka," kana kwamba zenyewe ziliamua. Mwishowe nikaandika: niliambiwa zisikauke, nikazikausha, kwa kuwa nilidhani najua zaidi. Yakaondoka pamoja na miche siku mbili kabla ya muda kwisha.

Kibali hakikutolewa. Wenye mashamba waliruhusiwa kufunika miembe yao kwa nyavu na kuwafukuza popo kwa kelele, lakini miti ya kulala ikabaki na mlinzi wake. Shomari alituandikia mistari michache tu. Alisema bunduki zimerudi kabatini, popo walitoka jioni ile kama kawaida na kupita juu ya kijiji wakielekea msituni, na watoto waliwapigia makopo. Kisha akaongeza kwa ajili yangu: "Mwambie Lazaro mimi nami niliwahi kuua miche ya kahawa niliyoletewa kutoka kwenu. Niliimwagilia maji ya kisima cha chumvi." Sijui kama ni kweli au aliniokoa tu. Sikumuuliza.

Bwana Miwani alipokuwa anaondoka kurudi kwao, aliniita ofisini, akafungua faili la popo, akachomoa taarifa ile ya kwanza, akaninyooshea. "Hii haina kazi tena. Unaweza kuichoma."

Nikaishika. Jiko lilikuwa linawaka palepale. Nikachukua sindano na uzi wa Fundi Saidi, nikazishona karatasi mbili pamoja, taarifa ile juu, maelezo yangu ya kosa chini, nikazirudisha.

Zimo humo hadi leo, kabati la tatu, na funguo mnazo ninyi. Mkizitoa, anzeni na ile ya juu. Mtaona imepangwa vizuri kuliko ya chini: mwandiko umenyooka, hakuna neno lililofutwa, na mtu yeyote angeiamini.